Uchungu Ulioondolewa: Watazamaji na Sinema ya The Golden Compass

Sinema itokanayo na kitabu mashuhuri huzaliwa na deni. Kabla haijaonyeshwa hata mara moja, wako watu waliokwisha kuiona katika mawazo yao, nao huingia ukumbini si kwa kutaka kujua litakalotokea, bali kwa kutaka kuona kama litatokea vile walivyolijua. Kwa sababu hiyo malalamiko ya wasomaji juu ya sinema aghalabu hupuuzwa. Husemwa kwamba msomaji ni mtu mwenye wivu. Hukipenda kitabu chake kama bahili aipendavyo hazina yake, wala hapana awezaye kumridhisha. Neno hili lina ukweli, walakini si ukweli wote. Yako masikitiko yatokanayo na wivu, na yako masikitiko yatokanayo na hukumu ya haki, na kazi ya uhakiki ni kuyapambanua. Sinema ya The Golden Compass, iliyotolewa Desemba 2007, ni mfano ufaao sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa iliwasikitisha watu wa namna mbalimbali kwa sababu zilizopingana, na katika kupingana kwao sababu ya kweli huonekana.

Hadithi yenyewe ni ya Philip Pullman, Mwingereza, aliyeitunga katika vitabu vitatu viitwavyo kwa pamoja His Dark Materials. Cha kwanza ni Northern Lights, kilichotoka mwaka 1995 na kupata nishani ya Carnegie; cha pili ni The Subtle Knife cha mwaka 1997; na cha tatu ni The Amber Spyglass cha mwaka 2000, ambacho kilikuwa kitabu cha kwanza cha watoto kupata tuzo kuu ya Whitbread. Huko Marekani kitabu cha kwanza kilipewa jina la The Golden Compass, na jina hilo ndilo lililochukuliwa na sinema.

Yafaa kwanza kueleza jambo moja ambalo hadithi nzima imesimama juu yake. Katika ulimwengu wa Lyra, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, nafsi ya mtu haikai ndani ya kifua chake, bali hutembea kando yake katika umbo la mnyama. Pullman amempa mwenzi huyu jina la kale la Kiyunani, daimoni. Naye si pepo wala si jini, bali ni mtu yule yule kwa upande wake wa pili. Daimoni wa mtoto hubadili umbo apendavyo, mara ndege, mara panya, mara paka. Mtoto akikua, daimoni wake hutulia katika umbo moja hata mwisho wa maisha. Kumtenga mtu na daimoni wake ni kumwua, au ni kumwacha akipumua bila ya kuwa mzima. Lyra, aliyelelewa miongoni mwa wanazuoni wa chuo kimoja cha Oxford, anasafiri mpaka kaskazini ya mbali kumtafuta rafiki yake Roger, mtoto wa jikoni, aliyeibwa pamoja na watoto wengine. Nyuma ya wizi huo iko Magisterium, yaani mamlaka ya kanisa inayotawala ulimwengu ule. Na mahali paitwapo Bolvangar watoto hukatwa na madaimoni wao kwa mashine yenye kisu, ili wapate, kwa madai ya wakataji, kuepushwa na dhambi.

Hadithi hiyo ilichukuliwa na kampuni ya New Line Cinema, ambayo ilikuwa imekwisha kupata sifa na mali kwa sinema tatu za The Lord of the Rings kati ya mwaka 2001 na 2003. Mwongozaji na mwandishi wa mchezo alikuwa Chris Weitz. Gharama ilifika yapata dola milioni 180. Nicole Kidman na Daniel Craig walicheza wazazi wa Lyra, na Dakota Blue Richards, msichana asiyejulikana bado, akawa Lyra. Kwa ufundi wa macho hapana aliyeweza kuilaumu: mwaka 2008 ilipata tuzo ya Oscar kwa maajabu yake ya picha, na madaimoni na dubu wenye deraya walionekana kana kwamba kamera iliwakuta huko huko kaskazini. Hata hivyo wengi waliotoka ukumbini walitoka wakinung'unika, na sehemu mbili za hadithi zilizobaki hazikupata kutengenezwa na kampuni ile.

Walionung'unika walikuwa makundi matatu. Kundi la kwanza lilinung'unika hata kabla ya kuiona. Oktoba 2007 chama cha Catholic League cha Marekani kiliwataka Wakristo waisusie, kikidai kwamba sinema iliyolainishwa ingewavuta watoto wakasome vitabu vyenye kupinga dini. Kundi la pili ni la wale waliovipenda vitabu kwa ajili ya ujasiri wao. Miongoni mwao chama cha National Secular Society cha Uingereza kililalamika kwamba hoja ya Pullman juu ya mamlaka ya kanisa ilikuwa imeng'olewa meno. Kundi la tatu, nalo ndilo kubwa, lilikuwa la watu ambao hawakuwa na vita na kanisa wala na wapinzani wake. Walikwenda kutazama hadithi, na walipotoka waliona kwamba hadithi haikwisha, ila ilikatika.

Hapana budi kukubali kwamba baadhi ya malalamiko ya wasomaji yalikuwa madogo. Wako waliokasirika kwa sababu nywele za Bibi Coulter kitabuni ni nyeusi na za Nicole Kidman ni za rangi ya dhahabu. Pullman mwenyewe alilijibu jambo hili kwa ungwana: alisema kwamba aliyekosea ni yeye, na kwamba mwanamke yule alipaswa tangu mwanzo kuwa na nywele za dhahabu. Wako pia waliolalamika kwa kuwa mpangilio wa matukio uligeuzwa, vita vya dubu vikaja kabla ya Bolvangar ilhali kitabuni vinakuja baada yake. Malalamiko ya namna hii ni ya mtu aliyehesabu vyombo vya nyumba iliyohamishwa, akakuta kigoda kimewekwa upande wa pili wa chumba. Kigoda bado kipo, na nyumba bado ni nyumba.

Lakini liko jambo la samaki, nalo si dogo. Kitabuni, katika safari yake, Lyra anamkuta mtoto aitwaye Tony Makarios peke yake ndani ya kibanda. Amekatwa na daimoni wake. Mikononi ameshika samaki mkavu, amemkumbatia kifuani mahali pa yule aliyepotea. Lyra anamchukua mpaka kwa watu wake, na mtoto anakufa kabla ya mapambazuko. Kisha Lyra anagundua kwamba mtu mmoja amemtupa yule samaki, na hasira yake inawatisha watu wazima waliosimama pale. Kwa maana wao waliona samaki, naye aliona kitu cha mwisho alichokuwa nacho mtoto yule. Hapo ndipo msomaji anapofahamu kwa moyo, si kwa maelezo, kukatwa ni nini. Katika sinema samaki hayupo. Mahali pa Tony amewekwa mtoto mwingine, Billy Costa. Anaokotwa, anarudishwa kwa mama yake, na kifo hakionyeshwi. Mtazamaji huona mtoto mgonjwa aliyerudi nyumbani. Basi baadaye, Lyra anapowekwa chini ya kisu cha Bolvangar, mtazamaji huogopa kwa kuwa muziki umemwambia aogope, wala si kwa kuwa amekwisha kuona kazi ya kisu kile.

Kubwa kuliko hilo ni mwisho. Kitabuni Lyra anamwokoa Roger na kusafiri naye hata kwa baba yake, Lord Asriel, akidhani kwamba anampelekea chombo cha kusomea ukweli, kile kifananacho na dira. Kumbe Asriel hana haja na chombo. Anachohitaji ni mtoto, kwa kuwa mtoto akikatwa na daimoni wake hutoka nguvu kubwa, na kwa nguvu hiyo Asriel anakusudia kupasua anga na kufungua njia ya kwenda ulimwengu mwingine. Anamchukua Roger usiku, Roger anakufa, na njia inafunguka. Tangu mwanzo wa kitabu wanazuoni wa Oxford walijua kwa utabiri kwamba Lyra atakuja kumsaliti mtu bila ya kujua. Msomaji sasa anafahamu kwamba mapenzi yake, ujasiri wake na safari yake ndefu vyote vilikuwa kamba ya kumleta rafiki yake machinjoni. Kisha Lyra anavuka kuingia ulimwengu mwingine akiwa na daimoni wake tu.

Sura hizo za mwisho zilipigwa picha, lakini zilitolewa kabla ya sinema kuonyeshwa, kwa maelezo kwamba zingewekwa mwanzoni mwa sinema ya pili. Sinema iliyoonyeshwa yaishia ndani ya chombo cha puto kikiruka angani, Lyra na Roger wakiwa pamoja, salama, wakiongea kwa matumaini juu ya yatakayokuja. Ambaye hakusoma kitabu aliona safari iliyokatizwa njiani. Aliyekisoma aliona jambo baya zaidi: alimwona mtoto aendaye kuuawa akitabasamu, na sinema ikimwalika mtazamaji atabasamu naye.

Hapa ndipo penye kiini cha masikitiko. Msomaji hakukasirika kwa sababu kitu kilibadilishwa, bali kwa sababu alinyang'anywa uchungu alioulipia. Alipofika mwisho wa kitabu alikuwa amelia, au walau alikuwa amenyamaza kwa muda. Na kwa kilio hicho alikuwa amejifunza kwamba watu wakubwa wenye maneno makubwa, wawe wa kanisa au wawe waasi wa kanisa, waweza wote kumfanya mtoto kuwa kuni za moto wao. Hilo ndilo neno la kitabu. Magisterium humkata mtoto kwa jina la utii, na Asriel humkata mtoto kwa jina la uhuru. Ukiondoa kifo cha Roger, Asriel anabaki shujaa mzuri wa uso, na kitabu kinachowahukumu wote wawili kinakuwa hadithi ya watu wema wanaopigana na watu wabaya.

Uthibitisho kwamba wasomaji si wagumu kama wanavyodhaniwa umo katika sinema za kampuni ile ile. Katika The Lord of the Rings, Peter Jackson alimwacha Tom Bombadil asionekane kabisa, na vita vya mwisho vya kuikomboa nchi ya wahobiti akavitupa vyote. Wapenzi wa Tolkien walinong'ona, wengine wakalalamika kwa sauti, lakini wengi wao walisamehe, na mwaka 2004 sinema ya tatu ilipata tuzo 11 za Oscar. Kwa nini walisamehe? Kwa sababu gharama ya hadithi haikuguswa. Frodo anafika penye moto na kushindwa kuitupa pete, anakatwa kidole, anarudi nyumbani na kukuta kwamba jeraha lake haliponi, mwishowe anapanda chombo na kuwaacha rafiki zake pwani. Jackson alipunguza njia, walakini alilipa nauli. Katika The Golden Compass njia ilihifadhiwa kwa uzuri wote, theluji, dubu, wachawi na meli za angani, ila nauli haikulipwa.

Yaweza kujibiwa kwamba hii ni sinema ya watoto, na kwamba haifai kumaliza jioni ya watoto kwa mauti ya mtoto. Jibu hili lina heshima yake, kwa kuwa mzazi ana haki ya kuchagua mwanawe aone nini. Walakini kitabu nacho kiliandikwa kwa ajili ya watoto, na watoto walikichukua, wakakisoma peke yao usiku, wakakitetea mbele ya wakubwa. Sinema za watoto nazo zina desturi ya kale ya msiba: mwaka 1942 Walt Disney alimwua mama wa Bambi mbele ya vizazi vizima vya watoto, na sinema ile haikuwadhuru kuliko ilivyowafunza. Tena The Golden Compass yenyewe haikuogopa ukali. Katika vita vya dubu taya la mfalme lilipigwa likaruka, na watoto walionyeshwa. Lililoogopwa si damu. Lililoogopwa ni huzuni isiyokuwa na mtu wa kuifuta kabla ya taa kuwashwa.

Woga huo huo ulitawala katika jambo la dini. Maneno ya wazi ya kitabu juu ya Kanisa yalipunguzwa hata ikawa Magisterium yaonekana kama serikali yoyote ya wanaume wakali wenye mavazi meusi. Lakini jina Magisterium liliachwa, nalo ni neno la Kikatoliki lenye maana ya mamlaka ya kufundisha. Kwa hiyo aliyetaka kuchukizwa alikuwa na neno la kumchukiza, na aliyetaka hoja hakuwa na hoja ya kushika. Mtazamaji asiye na habari alibaki akijiuliza kwa nini watu wazima wenye akili wanaiogopa sana Vumbi, ile chembe isiyoonekana ambayo kitabuni inahusiana na dhambi ya asili. Kwa sababu dhambi ilipotolewa, hofu ilibaki bila ya mzizi.

Wala si kweli kwamba watu wa dini wote walikuwa upande mmoja. Mwaka 2004 Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alizungumza na Pullman hadharani katika National Theatre ya London, ambako vitabu vile vilikuwa vikichezwa jukwaani, naye aliusifu mchezo kuwa wafaa kuzungumzwa hata katika masomo ya dini. Mwaka 2007 ofisi ya maaskofu Wakatoliki wa Marekani iliyoshughulikia sinema ilichapisha uhakiki wenye wema juu ya The Golden Compass, kisha siku chache baadaye ukaondolewa. Kutokana na mambo hayo mawili yaonekana kwamba hoja iliyosemwa waziwazi ilipata mpinzani mwungwana, na hoja iliyofichwa haikupata hata mtetezi wa kudumu.

Nani basi aliyeiangusha sinema ile? Sam Elliott, aliyecheza rubani wa puto, alilitupia lawama Kanisa Katoliki mwaka 2009. Hesabu zinaeleza habari iliyo ngumu zaidi. Huko Marekani sinema ilipata yapata dola milioni 70 tu, nako ndiko kelele za kususia zilikokuwa kubwa; ulimwenguni kote ilifika yapata milioni 370. Lakini New Line ilikuwa imekwisha kuuza haki za kuionyesha nje ili kupata fedha za kuitengenezea, hata mavuno ya ng'ambo yakaingia katika ghala za wengine. Februari 2008 ikatangazwa kwamba kampuni hiyo itaingizwa ndani ya Warner Bros. Susio huenda lilizuia watu wasiingie ukumbini. Lakini haliwezi kueleza kwa nini waliokwisha kuingia walitoka bila ya hamu ya kurudi. Weitz mwenyewe alieleza baadaye kwamba sinema iliyoonyeshwa haikuwa ile aliyokusudia. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote: waliotaka kuwaridhisha waumini na wapinzani, watoto na wazazi, wasomaji na wasiosoma, kwa sinema moja isiyomwumiza yeyote, hawakumpata hata mmoja aliyeipenda kwa moyo wote.

Jaribio la pili lilikuja mwaka 2019, ambapo BBC na HBO walianza kuionyesha hadithi hiyo katika televisheni, Dafne Keen akiwa Lyra, mpaka ilipokwisha vitabu vyote vitatu mwaka 2022. Kazi hiyo nayo ina dosari zake. Madaimoni ni wachache mno katika mitaa yenye watu wengi, na mara nyingine maelezo ni marefu kuliko vitendo. Walakini sehemu ya kwanza yaishia pale kitabu kiishiapo: Roger ndani ya kizimba, njia inafunguka angani, Lyra amechelewa. Wasomaji walikuwa na mengi ya kulalamikia, kama kawaida yao, lakini hawakuweza kusema kwamba wamedanganywa.

Wanafunzi wa fasihi waweza kupata hapa kipimo cha kuipimia kazi yoyote iliyogeuzwa kutoka kitabuni. Kuhesabu yaliyoachwa hakutoshi, kwa maana hakuna kitabu kiwezacho kuingia chote katika saa mbili. Swali la kwanza liwe hili: katika kitabu ni nani aliyelipa, na alilipa nini? Na la pili: katika sinema, deni hilo limelipwa, au limefutwa? Katika The Golden Compass, Roger bado yumo ndani ya puto, akiamini kwamba rafiki yake anampeleka mahali pema.